Wanangoja Kula

Televisheni ya Sajini Odur ilikuwa na vituko vyake. Ukitaka ionyeshe sura ya mtu badala ya mvua ya vumbi, lazima mmoja wenu asimame dirishani ameshika waya wa antena. Jioni ile aliyeshika waya alikuwa Akidi, mke wa Odur mwenyewe, mkono juu, mdomo haufungi. Majirani walikuwa wamejazana sebuleni, wengine vitini, wengine mkekani, wengine mlangoni hata ukitaka kupita huna pa kukanyaga. Mbele kabisa, kwenye kiti cha mgeni, walimkalisha Nabalayo. Leo yeye ndiye mwenye shughuli. Mumewe Kyeyune, yule mwandika vibao vya maduka kule Kikuubo, angeonyeshwa baada ya taarifa ya habari akihojiwa kuhusu picha anazochora nyumbani.

"Mwandika vibao kwa televisheni!" Odur alisema. "Sisi polisi tunafanya kazi miaka yote, nani anatuita?"

"Wakuite uwaonyeshe nini? Hilo tumbo?" Akidi akamjibu kutoka dirishani, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Nabalayo alicheka nao, ila moyo wake haukutulia. Yeye ni Mbukusu wa Bungoma, upande wa Kenya, na Kiswahili amekua nacho. Mumewe ni Muganda wa Masaka, na Kiswahili alikianza ukubwani, serikali ya wanajeshi ilipoamuru lugha hiyo isemwe redioni na kwenye televisheni. Kyeyune alikisema kwa bidii na bila haya, lakini r na l zilimshinda kabisa. Habari kwake ni habali, kweli ni kweri. Nyumbani Nabalayo alikuwa akimtania mpaka machozi yanamtoka. Leo nchi nzima ingemsikia, na hakuona cha kuchekesha.

Kyeyune akatokea. Amefunga tai aliyoazimwa na Odur, ameketi kando ya mtangazaji kijana, na nyuma yao imesimama picha.

Sasa, tusidanganyane kuhusu picha za Kyeyune. Hata mimi ninayewasimulia, mara ya kwanza nilidhani mtu amegonga kopo la rangi kwa bahati mbaya. Hakuna nyumba, hakuna ng'ombe, hakuna jua linalozama. Hii ilikuwa na michirizi myembamba imesimama wima, mingine imeinama kidogo, inafuatana toka upande huu mpaka ule, na mwisho wake bonge jeusi. Kwa macho mtu angeona kahawia, manjano na wekundu kama wa udongo wa Kampala. Kwenye televisheni ya Odur vyote vilikuwa kijivu.

"Hiyo nyeusi ni nini?" Odur aliuliza.

"Televisheni yako imeharibika," Akidi akasema. "Nimechoka na huu waya."

"Ni sufuria," Nabalayo akasema haraka. Picha hiyo alikuwa akiipangusa vumbi kila asubuhi nyumbani kwake, na siku zote bonge lile alilichukulia ni sufuria. Hakuwahi kuuliza.

Mtangazaji aliinama mbele. "Ndugu msanii, mimi hapa simwoni mtu. Naona mistari tu."

"Ni watu," Kyeyune akasema. "Wamesimama kwenye mstali."

"Wanafanya nini?"

"Wanangoja kula."

Watu sebuleni wakacheka. Mtangazaji naye akatabasamu. "Wanangoja tangu lini?"

"Tangu zamani. Miaka mingi sasa."

"Na watapata kweli?"

"Watapata," Kyeyune akasema, na akaitazama kamera kana kwamba ni mtu anayemfahamu. "Bola wasiondoke kwenye mstali."

Mtangazaji akaacha kutabasamu. Akageuka upande, na mara hiyo hiyo ikaja ngoma ya kujaza muda.

Kama hukuwahi kuishi Kampala miaka ile, ngoja nikufafanulie kwa nini kicheko kilikatika. Muganda asiyekizoea Kiswahili akisema kula, huenda amesema kula. Huenda pia amesema kura. Kwenye ulimi wake maneno hayo ni neno moja. Na kura ilikuwa haijapigwa tangu wanajeshi waingie. Aliyeuliza itapigwa lini alitiwa kwenye buti ya gari mchana kweupe, watu wanatazama, na hakuonekana tena. Neno lenyewe watu walikuwa wameacha kulitamka hata vyumbani mwao. Sasa mtu amekaa kwenye televisheni ya serikali, na tai shingoni, anasema watu wanalingoja miaka mingi na watalipata.

Odur aliinuka akaizima televisheni. Akidi akashusha mkono. Mmoja mmoja majirani wakaanza kukumbuka kazi walizoacha nyumbani, huyu ana mtoto mgonjwa, yule ameacha maharagwe motoni, na sebule ikabaki na viti.

"Shemeji," Odur akamwambia Nabalayo kwa sauti ya chini, "mimi nimesikia kula. Ya mdomo. Ya tumbo. Lakini mimi ni mtu moja."

*

Kyeyune alirudi nyumbani Kabalagala na uso umemkunjuka. Alitaka kujua alionekanaje, tai ilikaa sawa, sauti ilisikika? Picha walikuwa wamebaki nayo kule studio, alisema, pengine wanataka kuitazama vizuri.

"Kuitazama vizuri!" Nabalayo akasema. "Kyeyune, kaa chini. Sema ulivyosema."

"Nirisema wanangoja kula."

"Kula ipi?"

Kyeyune akamtazama mkewe. Tabasamu likamtoka taratibu. Akavua tai, akaikunja, akaiweka mezani.

Nabalayo hakumngoja. Alikuwa mwanamke wa kushika jambo na mikono miwili, na hofu ilipomwingia ilimwongezea kasi tu. "Watakuja kukuuliza. Utawaambia ulisema kula, hukusema lile neno jingine. Haya, tuanze. Sema rrr."

"Lll."

"Weka ulimi juu, uache utetemeke."

"Unatetemeka, nnyabo. Lakini kwa woga."

Nabalayo alicheka bila kupenda, kisha akamkaripia kwa kumchekesha. Walijaribu tena. Walijaribu kwa maji mdomoni, walijaribu kwa kuanza na neno gari, likatoka gali. Na hata angeweza, ingesaidia nini? Akitaka kujitetea ingebidi aseme: nilisema kula, sikusema kula. Hakimu gani atamwelewa mtu huyo?

"Basi utasema chakula," Nabalayo akaamua. "Wanangoja chakula. Neno hilo hata wewe huwezi kuliharibu."

"Wanangoja chakula miaka mingi?" Kyeyune akauliza. "Niseme hivyo mbere ya mwanajeshi? Sukali hakuna, chumvi hakuna, sabuni hakuna. Atasema naitukana serikali kwa njaa."

Nabalayo alikuwa hajafikiria hilo.

"Twende Bungoma," akasema baadaye. "Kwa mama. Kesho asubuhi."

"Nikikimbia, nimekiri. Na mpakani wakisoma jina langu?" Kyeyune akatikisa kichwa. "Siendi. Kosa langu ni nini? Nimechola picha. Nimeulizwa, nimejibu."

Nabalayo aliijua sauti hiyo. Ni ile aliyokuwa nayo alipomtolea mahari, wakwe wakimwambia Muganda mchora vibao hatalisha mke. Hakuna cha kumwondoa mtu huyo mahali aliposimama. Akaona kwamba kama mumewe haondoki, basi yeye itabidi atafute njia ya kumweka hai papo hapo alipo.

*

Nabalayo alikuwa na mgahawa kando ya barabara, mbele ya nyumba yao, chumba kimoja cha mabati na banda la kupikia, na hapo mchana waliingia mafundi, makarani, madereva na polisi wa kambini. Siku iliyofuata hawakuingia. Alipika kama kawaida, akaketi, akatazama mabenchi yake. Mwenye bucha jirani, ambaye kila siku alimpigia kelele za salamu, alijikuta ana mfupa wa kukata na hakuinua uso. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameazima sahani kadhaa alizirudisha zote, akaziacha chini mlangoni bila kusema hodi. Hilo lilimuuma kuliko mengine, maana huyo Nabalayo alimzalisha kwa mikono yake mwenyewe.

Mwenye nyumba alikuja, akasimama nje. "Nnyabo, ile michoro mingine ya bwana ako, iliyoko ukutani. Iondoe. Ukuta ni wangu."

"Ni mistari tu, ssebo."

"Hata ile ya jana ilikuwa mistari," mwenye nyumba akasema akaenda zake.

Aliyeingia alikuwa mmoja tu, Ajok, mwanamke mwembamba aliyekuwa akifua nguo za watu. Mumewe Opoka, dereva wa lori, alichukuliwa na watu wa usalama mwaka mmoja nyuma, na tangu hapo Ajok huenda kila Ijumaa kusimama kwenye geti la kambi ya wanajeshi pamoja na wake wengine. Alikaa kwenye benchi tupu, hakuagiza chochote.

"Niliangalia jana," akasema. "Nilikuwa mlangoni kwa Odur. Kwani bwana yako alituona wapi?"

"Aliwaona nani?"

"Sisi. Pale getini. Yule ameinama kidogo, karibu na mwisho, ni mimi. Nimejijua kwa mgongo." Ajok akapangusa meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Watu wanasema eti mistari. Mimi nilisema moyoni, asante, kuna mtu ametuona."

Nabalayo alitaka kumwambia hapana, ni wateja wangu wanaongoja chakula cha mchana. Alishindwa. Alichukua sahani, akaijaza posho, yaani ugali, na maharagwe, akamwekea mbele, akageuka upesi kwenye banda ili asionekane analia. Miezi yote hiyo alikuwa anaipangusa picha ile na kumwomba Kyeyune achore basi hata kuku, watu wajue wanatazama nini. Kumbe mtu amejijua kwa mgongo.

Jioni Odur alipita, hakuingia ndani. Alizungumza akitazama barabarani kama mtu anayengoja gari. "Simu imeingia kituoni. Kapteni moja, Sulaimani, anauliza mchora picha anakaa wapi. Kesho mchana anakuja mwenyewe, na picha. Mimi sikukwambia. Kama mnaondoka, ondokeni leo."

"Hatuondoki," Nabalayo akasema.

"Shemeji, hii watu hawachezi."

"Hata mimi sichezi. Odur, jana ulisema umesikia kula, ya tumbo. Kweli au si kweli?"

"Kweli. Lakini mbele ya kapteni mimi siwezi sema kitu. Mimi mtu ya kabila ya Lango. Unajua wanajeshi wamefanya nini kwa Walango katika polisi?"

"Sikuombi useme. Nakuomba uje kula. Kesho mchana, simama mstarini na sahani yako kama siku zote. Umesimama hapa kwangu miaka mingapi? Nani aliwahi kukukataza? Njoo tu ungoje chakula chako."

Odur akaenda zake. Nabalayo alijifunga kanga nyingine juu ya ile ya kwanza, akaenda nyumba kwa nyumba kwa wote waliokuwa sebuleni siku ile. Hakumwomba mtu ushahidi. Kwa kila mlango alisema lile lile, kesho mje mle. Wengine hawakufungua. Wengine walisema tutaona. Yule mwanamke aliyerudisha sahani, Nabalayo alimrudishia mikononi. "Hizi kesho utazihitaji," akamwambia, akaondoka kabla hajajibiwa.

*

Kesho yake alipika mchuzi wa karanga na samaki wa kukaushwa, chakula ambacho harufu yake inafika barabara kuu. Na alipika polepole makusudi. Alichagua kuni mbichi.

Ajok alifika wa kwanza, akasimama na sahani. Kisha fundi cherehani. Kisha, baada ya kitambo kilichoonekana kwa Nabalayo kirefu mno, akaja yule mwanamke wa sahani na dada yake. Akidi akaja, na nyuma yake Odur amevaa shati la nyumbani, jasho linamtiririka, macho ardhini. Mwenye bucha alichungulia, akatazama mstari, akafuta mikono na kujiunga mkiani.

Gari lilisimama. Kapteni Sulaimani alikuwa mtu mnene, mpole wa mwendo, na upole wake ndio uliotisha. Askari wawili walimfuata wamebeba picha, wakaiegemeza ukutani. Kapteni akauangalia mstari wa watu, akaangalia picha, akamwita Kyeyune.

"Wewe ndiye?"

"Ndiyo, afande."

"Sema tena. Kama ulisema kwa televisheni."

"Wanangoja kula, afande."

"Kula gani?" Kapteni akavuta kiti akakaa. "Nyinyi watu ya hapa mdomo yenu haina R. Mimi nakaa na nyinyi, mimi najua. Sema kura."

"Kula."

"Sema kula."

"Kula."

Askari mmoja akacheka. Kapteni hakucheka. "Unaona? Hii mtu nasema kitu moja. Mimi nitajua namna gani iko ndani ya roho yake? Lazima twende naye, tumuulize polepole."

Kila mtu pale alijua maana ya kuulizwa polepole. Kyeyune alisimama wima, mikono ubavuni. Nabalayo alikuwa bandani anasikiliza. Akashika mfuniko wa sufuria kwa ncha ya kanga, akaufunua. Harufu ya karanga na samaki ikaingia ndani. Akaufunika tena.

Kapteni akageuza shingo. "Mama, nini hiyo?"

"Mchuzi, afande. Bado kidogo."

"Mimi sijakula tangu asubuhi."

"Pole, afande. Kuni mbichi." Nabalayo akatoka bandani akijifuta mikono. Na hapo akajidhalilisha mwenyewe mbele ya wateja wake wote, yeye anayejulikana Kabalagala nzima kwa mkono mwepesi wa kupika. "Mimi ni mzito wa kupika, afande. Waulize hawa. Miaka mingi nawasimamisha hapa mpaka miguu inavimba. Mume wangu ananisema nyumbani, sikomi. Mwishowe akaenda kunisema kwa picha."

Akidi akadakia, "Huyu? Ukija kula kwake ubebe na godoro!"

"Mimi nilikonda hapa," fundi cherehani akasema.

Mstari ukacheka, kicheko cha woga, lakini kicheko. Kapteni aliwatazama mmoja mmoja. Macho yake yakatua kwa Odur. "Na wewe?"

Odur akaishika sahani yake kwa mikono miwili. "Mimi, afande," Odur akasema, "kila siku. Niko nasimama hapa kila siku. Na ninarudi."

Dakika zikapita. Nabalayo akafunua sufuria tena, akaonja, akaongeza chumvi kidogo aliyokuwa ameificha kwa siku kama hii, akafunika. Askari wawili nao sasa wanatazama bandani. Kapteni alibadilisha makalio kwenye kiti, akatazama saa yake, akaguna. Ndipo Nabalayo akamjia na sahani, akainama kidogo kwa heshima.

"Afande, hapa kwangu kuna wanaongoja kubeba nyumbani, na kuna wanaongoja kula hapa hapa. Nisikosee. Wewe unangoja nini?"

"Mimi nangoja kula!" Kapteni akasema kwa hasira ya njaa.

Chumba kizima kikasikia. Hata yeye akasikia. Maneno yakakaa pale katikati, kati yake na picha. Ajok aliziba mdomo kwa sahani. Nabalayo hakuinua macho, alibaki ameinama vile vile, akijua kwamba sasa ama amemwokoa mumewe ama amejiongeza yeye mwenyewe kwenye buti.

Kapteni akaitazama picha. Akautazama mstari. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka akapiga paja. "Mwanamke hii! Mwanamke hii amenishika! Kumbe hata mimi niko ndani ya picha!" Akainuka, akaenda karibu, akagonga lile bonge jeusi kwa ukucha. "Na hii ndiyo sufuria?"

"Ndiyo sufuria, afande," Nabalayo akasema.

"Kubwa sana."

"Watu ni wengi, afande."

Alikula sahani mbili. Askari wake wakala. Mstari ukapakuliwa, kila mtu akala bila kusikia ladha. Kabla ya kuondoka Kapteni alimpiga Kyeyune begani. "Hii picha nataka kwa mesi ya maafisa, pale tunakulia. Itie fremu nzuri. Kesho nitatuma gari kuchukua." Akaingia garini, na gari likaondoka, na buti yake ilikuwa tupu.

Odur aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Akidi alimpepea kwa sahani.

*

Watu walipotawanyika, jua bado halijatua, Kyeyune aliipandisha picha juu ya meza. Nabalayo alikuwa akisugua sufuria nje. Alikuwa amechoka na ana furaha, na alikuwa akiimba kitu cha kwao. Alipoingia alimkuta mumewe amefungua kopo la rangi nyeusi, amechovya brashi.

"Unafanya nini? Kapteni ameipenda ilivyo."

"Nataka kulekebisha hapa kidogo." Kyeyune hakumtazama. "Ire sufulia."

"Ina nini?"

"Ina pembe."

Nabalayo alisogea. Akaweka chini sufuria yake iliyokuwa inatiririka maji, ya mviringo, kama sufuria zote alizowahi kupikia. Akalitazama lile bonge jeusi ambalo mkono wake ulikuwa umelipangusa vumbi miezi yote. Lilikuwa na pembe nne, kama sanduku. Na juu yake, katikati, kulikuwa na mwanya mwembamba, rangi ya manjano, upana wa karatasi iliyokunjwa.

Alikaa kwenye benchi.

"Nimesema mbele ya kapteni ni sufuria," akasema. "Mbele ya watu wote. Nimewasimamisha hawa watu, Kyeyune. Odur wa watu. Ajok. Hukuniambia!"

"Ungejua, ungesema kwa uso ule?"

Nabalayo alikasirika kweli. Alimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na Kyeyune aliyapokea yote kichwa chini, kwa sababu yalikuwa haki yake. Alipomaliza, akainua brashi. "Naogopa," akasema. "Jana sikuogopa. Leo nimewaona wamesimama na sahani kwa ajiri yangu, na sasa naogopa. Niache nizifute hizi pembe kabla gali haijaja."

Aliposogeza brashi, Nabalayo alimshika mkono.

"Rangi yako ya mafuta inakauka kwa muda gani?"

"Siku mbiri. Tatu."

"Na gari linakuja kesho. Aguse, kidole kiwe cheusi. Ataanza kuuliza ulichokuwa unafuta." Akaitoa brashi mkononi mwake, akaifuta kwa kanga yake ile ya juu, kanga nzuri, na doa jeusi likabaki pale. "Mwenyewe ameiita sufuria. Na iwe sufuria yake. Waitundike, wale chini yake, washibe."

"Na pembe?"

"Ziache."

Hakusema kwa sababu ya rangi tu. Alikuwa anautazama mstari, kuanzia huku mpaka kule, akamwona Ajok, amejiinamia kidogo karibu na mwisho. Alimtafuta na Odur, akampata, au alidhani amempata, mchirizi mnene kuliko wengine. Kisha akaona nyuma yake kuna nafasi ndogo, na ndani yake mchirizi mwekundu umesimama wima kabisa. Hakumuuliza Kyeyune huyo ni nani; alijijua.

Mlangoni barabara ilikuwa imejaa watu wanaorudi makwao. Nabalayo alikwenda akasimama kizingitini, kisha akageuka na kumtazama mumewe. Ulimi wake haukuwahi kukosea herufi hata siku moja, na neno lile hakuwa amelitamka tangu wanajeshi waingie.

"Wanangoja kura," akasema, wala hakushusha sauti.